Crown, C-Class au BMW E90: Ipi Utaweza Kuitambua na Kujua Inaumwa Nini?

Mtu mwenye hela ya sedani ya kifahari iliyokwishatumika mara nyingi hujikuta amesimama kati ya magari matatu: Toyota Crown ya bodi iliyoanza 2008, Mercedes-Benz C-Class ya bodi ya W204, na BMW 3 Series ya bodi ya E90. Yote yameingia Tanzania na Kenya kwa wingi kutoka Japan yakiwa na usukani wa kulia. Yakishaoshwa pale yadi na matairi yakapakwa dawa, hakuna linaloonyesha umri wake.

Vijiweni watu hubishana ipi ni gari na ipi ni mzigo. Mimi nauliza hivi: taa ya injini ikiwaka wiki ya pili baada ya kulinunua, gari lipi utaweza kujua lina nini, na nani aliye karibu nawe atakueleza ukweli? Wengi walioshindwa na sedani hizi walishindwa kwenye kubahatisha. Plagi zikabadilishwa, koili zikabadilishwa, pampu ya mafuta ikabadilishwa, hela ikaisha na taa bado inawaka.

Vigezo

Nimeyapima kwa mambo matano yaleyale. Kwanza, urahisi wa kulitambua gari lenyewe: chasisi, injini, giaboksi na historia yake. Pili, magonjwa yake yanayojulikana na dalili zake. Tatu, kupimwa kwa kompyuta. Nne, spea na mafundi. Tano, barabara zetu. Bei ya kununulia nimeiacha nje kwa makusudi, maana inapanda na kushuka na dola, ushuru na tamaa ya dalali.

Msomaji wa Kenya ajue jambo moja kabla hatujaendelea. Sheria ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka 8 imeshazifungia nje bodi hizi tatu, kwa hiyo unayoiona sokoni imeshaishi na Mkenya mwingine. Karatasi ya mnada wa Japan itakueleza utoto wake tu. Ya ukubwani utayapata kwa fundi aliyekuwa akiihudumia. Tanzania bado yanaweza kuingizwa, ila kwa umri huo ada ya uchakavu inakusubiri TRA.

1. Kulitambua gari

*Crown.* Crown ya soko la Japan haina namba ndefu ya tarakimu 17. Ina herufi na namba chache, kistari, kisha namba za mfululizo. Kilichoko kabla ya kistari ndicho kinachokutajia gari. GRS200 ni injini ya 2.5 aina ya 4GR-FSE. GRS202 ni ya 3.0, 3GR-FSE. GRS204 ni ya 3.5, 2GR-FSE, na hiyo utaikuta kwenye toleo la Athlete. GRS201 na GRS203 huvuta magurudumu yote manne. GWS204 ni haibridi. Ukikuta GRS210, umeshatoka kwenye bodi hii. Hiyo ni Crown iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2012.

Bamba la chuma lenye namba hiyo lina pia alama ya C/TR, yaani rangi ya nje na ya ndani. Rangi namba 202 ni nyeusi. Bamba likisema 202 na mbele yako kuna Crown nyeupe, kuna mtu ameipiga rangi upya, na una haki ya kuuliza sababu. Maneno "Athlete" na "Royal Saloon" usiyategemee sana, kwa kuwa grili na bampa vinauzwa.

*C-Class.* Hapa namba ni ya tarakimu 17 na inaanza na WDD. Zinafuata 204, ambazo ndizo bodi, halafu tarakimu tatu zinazotaja modeli na injini, halafu 1 kwa usukani wa kushoto au 2 kwa wa kulia. Herufi inayofuata ni kiwanda. Ukikuta R, gari lilifungwa East London, Afrika Kusini, hata kama limekufikia kwa kupitia Japan.

Namba hiyo ina uzito kuliko maandishi ya kwenye buti. C200 ya 2008 ni Kompressor (yenye supachaja), C200 ya baadaye ni CGI yenye taabo. Zote ni injini za familia ya M271 zenye ujazo wa 1.8, lakini vifaa vyao vingi vya upande wa hewa na mafuta havibadilishani. Mtu anayeagiza spea kwa kusema "ya C200" anacheza bahati nasibu. Herufi za AMG (kitengo cha Benzi cha magari ya kasi) sizihesabu kabisa. Hizo zinauzwa barabarani pamoja na viburudisho vya harufu.

*BMW.* Tarakimu 17 pia, zinaanza na WBA. Muuza spea wa BMW anahitaji saba za mwisho tu, na kwa hizo atakupa injini, giaboksi, rangi na mwezi wa kutengenezwa. Zinazotoka kitengo cha M, cha magari ya kasi, huanza na WBS, kwa hiyo "M3" yenye chasisi ya WBA ni 3 Series ya kawaida iliyovalishwa.

E90 ndiyo inayochanganya watu kuliko zote kwenye injini. 320i za mwanzo zina N46 ya silinda 4, na baadhi ya za miaka ya mwisho zina N43, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. 323i na 325i nyingi zina N52 ya silinda 6. 335i ina taabo, na matunzo yake ni habari nyingine kabisa. Hata giaboksi si moja: kuna ya ZF yenye sampu (bakuli la chini) ya plastiki, kuna ya GM yenye sampu ya chuma. Inama uangalie kabla hujanunua hydroliki (oili ya giaboksi).

Kwa magari yote matatu, vuta mkanda wa abiria mpaka uishe. Chini kabisa, karibu na sakafu, kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Mkanda wenye tarehe ya miaka miwili baada ya gari umebadilishwa, na mikanda haibadilishwi kwa kupenda. Mara nyingi ni ajali iliyolipua eabegi. Ukipata karatasi ya mnada, angalia gredi. R au RA maana yake gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonyeo, W ni mahali palipokandikwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mwisho, linganisha chasisi na namba ya injini na zilizoko kwenye kadi ya gari au logbook, wewe mwenyewe, kwa macho yako, mchana.

2. Magonjwa na dalili zake

Hapa ndipo magari haya yanapoachana njia, na ndipo nitakapokaa zaidi.

*Crown.* Injini ya 4GR-FSE ni imara, lakini hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Kwa hiyo petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa na haizisafishi. Mvuke wa oili unaorudishwa kwenye njia ya hewa hugandia pale na kuwa masizi magumu. Dalili ni gari kutetemeka asubuhi likiwa la baridi, kumisi (silinda kukosa kuwaka), na taa ya injini yenye kodi, yaani namba ya hitilafu inayosomwa kwa kompyuta, ya P0300 au P0301 hadi P0306. Tarakimu ya mwisho inataja silinda: P0304 ni silinda ya 4.

Kabla hujanunua koili mpya sita, hamisha koili ya silinda inayolalamika upeleke kwenye silinda jirani ya upande uleule, futa kodi, kisha endesha. Kodi ikihama na koili, koili ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, nenda kwenye plagi, kisha kwenye masizi ya valvu. Kusafisha masizi vizuri ni kufungua njia ya hewa na kuyakwangua au kuyapuliza. Dawa ya kumwaga kwenye tangi haifiki kwenye valvu hizo, kwa sababu ileile kwamba petroli haipiti hapo. Wauzaji wa dawa wanalijua hilo na hawakwambii.

Kuna nyingine zinapungua oili bila kuvuja nje. Pima oili kwa kijiti kila unapojaza mafuta kwa mwezi wa kwanza, utajua. Chini ya pampu ya maji tafuta unga mkavu wa rangi ya waridi. Kulanti ya Toyota ni ya waridi, na ikivuja taratibu hukaukia pale na kuacha alama hata kama hakuna tone linaloonekana.

Mengine ni ya Kijapani tu. Redio yake ilitengenezwa kwa masafa ya FM ya 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Na kwenye redio za aina fulani, ukichomoa betri, skrini inajifunga na kukuandikia Kijapani. Fundi akitaka kutoa betri ya Crown, muulize kwanza kama ana kodi za kuifungua.

*C-Class.* Sikiliza M271 ikiwaka asubuhi. Fika kabla muuzaji hajaipasha moto, gusa boneti kuhakikisha ni la baridi, kisha liwashwe wewe ukiwa mbele. Sauti ya mnyororo ukigonga kwa sekunde chache kisha kutulia ni cheni ya taimingi iliyotanuka, au meno ya gia za kamshafti yaliyolika. Kodi ya P0016 au P0017, zinazosema kamshafti na kranki havilingani, inathibitisha. Cheni hii si ya kuahirisha: ikiruka jino, valvu zinakutana na pistoni.

Palepale mbele ya injini kuna sumaku za kamshafti zenye soketi ndogo. Chomoa moja. Ukikuta oili ndani ya soketi, sumaku inavujisha, na oili hiyo husafiri ndani ya waya kama utambi mpaka kufika kwenye vifaa vingine vya umeme. Ni kifaa cha bei ndogo, lakini kikiachwa kinazaa ugonjwa mkubwa.

Ugonjwa unaowatia watu wazimu ni kufuli la usukani. Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, Benzi imegoma. Nazungusha ufunguo, dashibodi haiwaki kabisa. Na betri ni mpya."

"Ukiingiza ufunguo, pale chini ya usukani unasikia mlio mdogo wa mota, zrrr?"

"Hapana, kimya."

"Basi bosi, usimruhusu mtu aguse injini. Kufuli la usukani limekufa."

W204 ina mota ndogo ya umeme inayofunga na kufungua usukani. Mota ikichoka, kompyuta hairuhusu gari kuwaka, hata kama injini ni nzima. Fundi anayelijua hufungua kufuli, hutengeneza mota au huweka emuleta (kifaa kinachojifanya kufuli), kisha huiprogramu pamoja na ufunguo. Asiyelijua atakuuzia stata. Ikitokea usukani umegongwagongwa kwa chini na gari likawaka, usilizime mpaka ufike kwa fundi. Kufuli lililokufa likiwa limefunga ni kazi kubwa zaidi kuliko lililokufa likiwa wazi.

Mawili mengine ni mafupi. Taa ya nyuma ikififia au dashibodi ikilalamikia balbu kila siku, chomoa soketi ya taa uangalie waya wa kahawia, ambao ndio wa ardhi. Mara nyingi utaukuta umeungua na plastiki imeyeyuka pembeni yake. Kwenye giaboksi ya gia 5, soketi ya waya inayoingia giaboksi huvujisha oili. Kwenye ya gia 7, sahani ya umeme iliyoko ndani hufa na gari hung'ang'ania gia moja. Yote mawili hudhaniwa kuwa giaboksi nzima imekufa, na kuna watu wameuziwa giaboksi kwa ugonjwa wa soketi.

*BMW.* N46 huchoka sili za valvu. Jaribio lake foleni za Dar zinalifanya bure: acha injini iungurume dakika kadhaa kama uko kwenye foleni ya Ubungo, kisha kanyaga mafuta huku mtu akitazama nyuma. Wingu la bluu ni sili. Kuzibadilisha si kazi ya mchana mmoja.

N52 ni injini nzuri na naipenda kuliko N46, ila inavuja oili sehemu mbili zinazojulikana: gaskiti ya kifuniko cha valvu na gaskiti ya kishikio cha chujio la oili. Hiyo ya pili ikivuja hudondokea kwenye mkanda wa injini, kwa hiyo mkanda ukianza kuchakaa mapema usiulaumu mkanda. Nyingi za silinda 6 hazina kijiti cha oili. Unapima kwa skrini, gari likiwa na moto wake, na mzee aliyezoea kijiti atakuambia gari halina oili kabisa.

Pampu ya maji ya N52 ni ya umeme. Hufa bila kupiga kelele wala kuvuja, na E90 ya kawaida haina geji ya joto kwenye dashibodi. Utaona taa ya njano, kisha nyekundu. Ikiwaka nyekundu, zima gari hapohapo hata kama uko katikati ya Mandela Road. Kuna wanaosema "nifike tu pale sheli", na sheli hiyo huwagharimu silinda hedi.

Umeme wa E90 una tabia yake. Ukibadilisha betri, lazima kompyuta ijulishwe kuwa kuna betri mpya, la sivyo itaendelea kuichaji kana kwamba ni ile iliyozeeka. Na usikubali kila mpita njia akubusti kwa nyaya: kuna moduli (kompyuta ndogo) karibu na wanapoweka miguu waliokaa mbele, inayoendesha taa na vioo, nayo hufa umeme ukiyumba. Ghafla taa za mbele zinawaka zenyewe na vioo havishuki. Moduli hiyo mara nyingi hutengenezeka kwa kuirudishia programu, kwa hiyo usikimbilie kununua nyingine.

3. Kupimwa kwa kompyuta

Kifaa kidogo cha blututi kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusomwa kwa simu kinatosha kuanzia kwa magari yote matatu, lakini hakitoshi kumalizia kwa usawa.

Kwa Crown kitakupa sehemu kubwa ya unachohitaji, kwa sababu magonjwa yake mengi yako kwenye injini. Kikishindwa, mashine ya kawaida ya gereji au programu ya Toyota iitwayo Techstream inaingia kila mahali.

Kwa C-Class kitakuonyesha injini tu. Kufuli la usukani, giaboksi, taa na eabegi viko kwenye moduli zake, na vinahitaji Xentry, programu ya Benzi yenyewe, au mashine inayokaribia uwezo wake. Kwa BMW ni hivyohivyo. Chombo chake ni ISTA, na fundi wa BMW asiye nayo wala mbadala wake mzuri ni fundi wa kubadilisha oili na breki.

Kabla ya kupima lolote, pima betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, volti 12.4 hadi 12.7 ni sawa. Likiwashwa, inapaswa kupanda mpaka karibu 14. Benzi na BMW zikiwa na betri dhaifu hutoa kodi za uongo kwa makumi, na fundi asiye makini atazifuata zote.

Angalia pia kama kodi zimefutwa. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa ya injini lazima ionekane, kisha izime gari likiwaka. Isipoonekana kabisa, mtu ameificha. Halafu kwenye simu angalia majaribio ambayo gari hujifanyia lenyewe. Mengi yakiwa "hayajakamilika", ama betri ilichomolewa ama kodi zilifutwa juzi kwa ajili yako. Kodi ya P0420 nayo ina maana yake huku kwetu: huenda masega ya eksozi yanayosafisha moshi yamechoka, na huenda yalishatolewa na kuuzwa zamani.

Piga picha kodi zote kabla fundi hajafuta hata moja. Piga za zamani na za sasa, za kila moduli. Picha hizo ndizo zitakazomaliza ubishi kati yako na fundi wa pili.

4. Spea na mafundi

Crown haina mpinzani hapa. 4GR-FSE iko pia kwenye Mark X na Lexus IS250, kwa hiyo Shaurimoyo kule Ilala au Kirinyaga Road pale Nairobi utapata koili, pampu na sensa, mpya na za used, siku hiyohiyo. Shida ni feki. Plagi na koili za feki kwenye injini ya aina hii zitakurudishia ileile P0300 mwezi ujao, na utaanza kuitukana Crown.

Spea za C-Class na E90 zipo, lakini si kila duka, na nyingi za used hupitia Dubai na Sharjah. Jambo zuri ni kwamba watengenezaji wanaovipelekea viwanda hivi vifaa, kama Lemförder kwa miguu na Bosch kwa umeme, huuza pia vyenye jina lao bila nembo ya gari. Ni nafuu kuliko vya sanduku lenye nembo. Baya ni kwamba kompyuta za used haziingii tu. Kompyuta ya injini, swichi ya ufunguo na ya giaboksi ya gia 7 kwenye Benzi zimefungamana na gari lake, na BMW inafanya hivyo pia. Ukinunua kwa bei poa bila kumuuliza fundi kama anaweza kuifungua, umenunua pambo la mezani.

Mafundi wazuri wa Benzi na BMW wako Dar, Arusha, Mwanza, Nairobi na Mombasa. Nje ya miji mikubwa wanapungua haraka.

5. Barabara

Crown Royal Saloon ndiyo laini kuliko zote kwenye lami mbovu. Bushi zake za mbele huchoka, lakini ni kazi inayojulikana na kila fundi. C-Class inastahimili vizuri, ila tumbo lake na bampa la mbele havipatani na matuta ya vijijini. E90 ndiyo ngumu zaidi, hasa ikiwa bado ina matairi ya ranifleti, yanayoendelea kwenda hata yakiishiwa upepo. Matairi hayo yana kuta ngumu, na gari lenyewe mara nyingi halina tairi la akiba. Ukiwa unasafiri Dodoma au Voi usiku, hilo ni jambo la kufikiria. Kwenye kona na mwendo, hata hivyo, E90 inaziacha zote mbili, na aliyeiendesha N52 barabara ya Chalinze hahitaji maelezo yangu.

Kila moja inamfaa nani

Crown inamfaa mtu anayetaka starehe ya nyuma na ukimya, anayesafiri mikoani, na asiyetaka kumtegemea fundi mmoja. Alipie hilo kwa kuvumilia skrini ya Kijapani na kupima oili yake mwenyewe.

C-Class inamfaa anayependa hadhi na utulivu, aliye karibu na fundi umeme wa Benzi mwenye mashine, na anayeweza kuweka pembeni akiba ya cheni na kufuli tangu siku ya kununua. Akishayamaliza hayo mawili, gari hilo humtulia.

E90 inamfaa anayependa kuendesha, ambaye hugundua harufu mpya au sauti mpya siku ileile. Mtu wa kuwasha na kwenda tu bila kufungua boneti asiinunue, hata akipewa kwa mkopo usio na riba.

Kwa hali yako

Ukiwa unaishi mkoani na gereji kubwa iko mbali, chukua Crown GRS200, na hela iliyobaki isafishe valvu na kubadili hydroliki ya giaboksi kwa aina ya WS.

Ukiwa Dar au Nairobi na umepata C-Class yenye risiti za cheni mpya, hiyo ina thamani kuliko yenye kilomita chache bila risiti. Kilomita zinarudishwa nyuma kila siku. Risiti yenye namba za vifaa ni ngumu zaidi kughushi.

Ukiwa umeshikwa na 3 Series, tafuta 323i au 325i ya N52 kabla ya 320i, na ukubaliane na fundi abadilishe pampu ya maji na themostati kabla hazijafa, kama huna ushahidi kwamba zilishabadilishwa.

Kama gari ni la biashara ya kukodisha kwa harusi na viongozi, Crown na C-Class zote zinalipa, lakini chagua ile ambayo fundi wako ana mashine yake leo. Usichague ambayo anasema atajifunza.

Na kama umeshanunua moja kati ya hizi na ndiyo sababu unasoma hapa, wiki hii fanya haya kwa mpangilio: andika chasisi kamili kwenye simu, pima betri, soma na kupiga picha kodi za moduli zote, badilisha oili kwa aina iliyoandikwa kwenye kitabu, kisha liwashe asubuhi likiwa la baridi ukisikiliza kwa dakika moja. Kwenda gereji kufungua injini kuje baada ya hapo.